Kisu Kidogo, Pesa Kidogo: Lipia Usichoweza Kurekebisha

Meza za soko la Kindu huuza visu vya kukunja pamoja na tochi, nyembe, betri na kufuli. Vingi vinang'aa, vina rangi tatu, kifungulio cha chupa, msumeno usiokata hata ufito, na kijitaa kinachozimika mvua ya kwanza. Bei yake huonekana ndogo, mpaka baada ya miezi michache ujikute unanunua kingine. Ikiwa unataka kisu kidogo, chembamba, cha kuheshimika mkononi, na mfuko wako hauruhusu kukosea, shika kanuni moja: pesa yako ilipie kile usichoweza kurekebisha mwenyewe. Makali butu utayanoa. Mpini wenye kona kali utausugua kwa msasa. Rangi mbaya utaibandua. Lakini chuma laini hutakifanya kigumu jikoni kwako, na kiungo kilichotobolewa mshazari hakinyooki kwa maombi.

Kanuni hii ina uzito zaidi katika mji wetu. Kila bidhaa inayofika Kindu imeshalipa nauli: kwa ndege, kwa treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, siku inapofika, kwa mashua kutoka Ubundu, au juu ya pikipiki na baiskeli kupitia njia za Kasongo. Kisu kibovu na kisu kizuri vina uzito uleule, kwa hiyo vimelipa nauli ileile. Ukinunua kibovu, sehemu kubwa ya pesa yako imelipia safari ya takataka. Ndiyo maana kuongeza kidogo juu ya bei ya chini kabisa huku kwetu kunaleta faida kubwa kuliko katika mji ulio jirani na bandari.

Kwanza jua kazi yake

Kisu cha mfukoni si panga, wala si kisu cha kumenyea muhogo wa familia nzima. Kazi zake ni ndogo na za kila saa: kumenya chungwa na embe, kukata kamba ya mzigo kwenye baiskeli, kufungua gunia la mchele, kuchonga penseli ya mtoto, kukata uzi kwa mshonaji, kuondoa mwiba, kugawa nanasi kwa wageni wawili. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji bapa refu. Sentimita 6 hadi 8 zinatosha. Kama huna rula, tumia mkono: bapa lisizidi upana wa kiganja chako, na kisu kilichokunjwa kilale mfukoni bila kuchungulia.

Unene ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii, nalo ndilo linaloamua kama kisu kitakata au kitapasua. Visu vingi vya bei ya chini vinaiga visu vya kijeshi: bapa nene la milimita 3 au zaidi, jeusi, lenye matundu na meno mgongoni. Bapa la namna hiyo likiingia kwenye nanasi linalisukuma, halilikati. Tafuta bapa lisilofika milimita 2 mgongoni, linalozidi kuwa jembamba kuelekea kwenye makali. Wembamba huo ndio umaridadi wenyewe: kisu chembamba ni chepesi, hakitoboi mfuko, na kinaonekana kizuri bila kupambwa. Kila kifaa kinachoongezwa, iwe msumeno, kijiko au taa, kinaongeza unene na kupunguza pesa iliyobaki kwa ajili ya chuma.

Chuma: kinachoshika kutu na kisichoshika

Kuna makundi mawili ya kuzingatia. Chuma cha kaboni hunoleka upesi hata kwenye jiwe la kawaida na hutoa makali yanayokata sana, lakini hushika kutu. Chuma cha inoksi, ambacho kimechanganywa na kromi nyingi (katika visu mara nyingi karibu asilimia 13), hustahimili unyevu, ingawa kile cha bei ya chini kinaweza kuwa laini na kupoteza makali haraka.

Sisi tunaishi kando ya mto Lualaba, katika joto lenye unyevu, na mvua inayopumzika tu kwa miezi michache katikati ya mwaka. Jasho la mfukoni, ndimu, nanasi, damu ya kuku: vyote vinashambulia chuma cha kaboni. Kitaanza kupata madoa ya kijivu na buluu. Hayo si ugonjwa; ni ngozi mpya ya chuma, na inasaidia kuzuia kutu zaidi. Adui ni kutu ya rangi ya matofali inayokula ndani. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: wewe ni mtu anayefuta kisu kila baada ya kukitumia? Kama ndiyo, chukua kaboni, utakipenda. Kama kisu kitapita mikononi mwa watoto, kitalala kwenye mtumbwi na kusahaulika ndani ya mfuko wa koti lililolowa, chukua inoksi.

Usidanganywe na maandishi. Neno "Inox" au "Stainless" kwenye bapa linaahidi tu kwamba chuma hakishiki kutu kirahisi. Halisemi kama kilipashwa moto na kupozwa ipasavyo, na hapo ndipo ugumu unapotoka. Chukua sumaku ndogo iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, uende nayo sokoni. Chuma cha kisu kinachoweza kufanywa kigumu hunaswa na sumaku. Bapa linalokataa sumaku kabisa huwa ni chuma cha jamii ya masufuria na vijiko. Kitang'aa miaka mingi, lakini hakitakaa na makali. Kunaswa peke yake si uthibitisho wa ubora, ila kukataa ni sababu tosha ya kuondoka.

Majina utakayokutana nayo

Okapi ni jina ambalo mkazi wa Kindu hahitaji kufafanuliwa. Analisikia redioni kama jina la kituo, na mnyama mwenyewe anaishi katika misitu ya Kongo tu, ikiwemo Hifadhi ya Maiko ambayo sehemu yake iko Maniema. Kisu cha jina hilo kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumpa mnyama huyo jina, nacho kililengwa kwa masoko ya makoloni ya Afrika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni chuma cha kaboni, mpini wa mbao wenye mapambo ya mwezi na nyota, na aina yake maarufu ina pete mgongoni ya kuachia kufuli. Ni cha bei nafuu na kinanoleka vizuri sana. Lakini aina hiyo yenye pete ni ndefu, inalia kwa mlio wa meno unapoifungua, na huko Afrika Kusini imebeba sifa ya kisu cha wahuni. Kwa kazi ya shamba inafaa. Kwa mwalimu anayemenya chungwa katika chumba cha walimu, inatisha bila sababu.

Opinel ni kisu cha Wafaransa wa milimani. Joseph Opinel alikianzisha huko Savoie mwaka 1890, na tangu 1897 vinapangwa kwa namba kulingana na ukubwa. Namba 6 ina bapa la karibu sentimita 7, namba 7 la sentimita 8. Hizo mbili ndizo saizi za mfukoni. Kuanzia namba 6 kwenda juu kuna pete ya chuma inayozunguka na kuzuia bapa lisijifunge, iliyobuniwa mwaka 1955. Bapa ni jembamba kweli, mpini ni mbao tupu isiyo na pambo lolote, na Ulaya saizi hizi ndogo huuzwa kwa bei nafuu. Zipo za kaboni na za inoksi. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Brussels au Paris, hii ndiyo zawadi ya kumwagiza badala ya manukato. Udhaifu wake kwetu ni mbao: unyevu ukiingia, mpini unavimba na bapa linakataa kutoka. Wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini juu ya meza mpaka bapa lichomoze. Sisi tutaiponya kwa nta, kama nitakavyoeleza.

Douk-Douk hutoka mji wa Thiers, Ufaransa, tangu 1929. Mpini wake ni bati moja la chuma lililokunjwa, bila mbao wala plastiki. Chembamba kiasi kwamba unakisahau mfukoni. Ni cha kaboni, hakina kufuli, ila springi yake ni kali na hushika bapa kwa nguvu. Mpini wake hauvimbi kwa mvua, lakini kinataka kufutwa kila siku.

Victorinox ya Uswisi, kampuni iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, inajulikana kwa mpini mwekundu wenye msalaba. Kwa mtu wa bajeti, achana na vile vinene vya vifaa kumi na tano. Kile kidogo cha milimita 58 chenye bapa, mkasi na tupa ya kucha kinatosha kwa kazi za ofisini. Ni inoksi, kwa hiyo mvua za Kindu hazikisumbui. Tatizo ni bandia: wanaoiga huchora msalaba vizuri lakini hupuuza sehemu isiyoonekana. Fungua bapa, tazama shina lake karibu na kiungo. Jina la kampuni na nchi liwe limepigwa ndani ya chuma, si kupakwa wino.

Neno la mwisho ni kuhusu visu vyenye mdudu kama nyuki mgongoni, vinavyoandikwa "Laguiole". Jina hilo ni la kijiji cha Ufaransa, na viwanda vya nchi nyingi vimelitumia. Vya kweli vilivyotengenezwa kwa mikono ni ghali. Vya bei ya sokoni mara nyingi vimetumia pesa kwenye nyuki na mpini wa kuigiza pembe, kisha chuma kikapewa kilichobaki. Hapo kanuni yetu imegeuzwa kichwa chini.

Mbele ya meza ya muuzaji

Huenda usipate hata moja kati ya majina hayo, na hilo lisikukatishe tamaa. Kisu kisicho na jina kinaweza kuwa kizuri, mradi kipite mtihani. Mwambie muuzaji kwa upole: "Papa, niruhusu nikitazame kwanza, tutaelewana bei." Anayekunyang'anya kisu usikikague amekwisha kukujibu.

Kifungue polepole na usikilize. Springi isukume kwa nguvu iliyo sawa, bila kukwaruza. Bapa likiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa vidole vya mkono wa pili, ulitikise kushoto na kulia, juu na chini. Likicheza leo, mwezi ujao litayumba. Fundi chuma anaweza kuigonga ribiti iliyolegea kidogo ikakaza, lakini tundu lililopanuka halirudi.

Kifunge, ukitazame kwa juu. Bapa lilale katikati ya mfuo wake bila kugusa ukuta wowote, na ncha izame ndani kabisa. Ncha inayochungulia itakutoboa paja. Kisha kiinue mbele ya mwanga. Ukiona nuru ikipita kati ya springi na kuta za mpini, kimeungwa kwa haraka.

Kama kina kufuli, lijaribu kabla ya kuliamini. Kifungue, ondoa vidole kwenye njia ya bapa, bonyeza mgongo wake juu ya meza kwa nguvu ya wastani. Kufuli likiteleza, rudisha kisu. Kufuli la uongo ni baya kuliko kutokuwa na kufuli, maana asiye na kufuli huwa mwangalifu, na mwenye kufuli la uongo hupoteza kidole.

Mwisho tazama makali dhidi ya jua. Makali mazuri hayaonekani. Penye butu au pengo, mwanga hurudi kama mstari mweupe. Butu si kosa la kukataa kisu, kwa sababu utanoa. Ni silaha yako ya kuomba bei ishuke. Vivyo hivyo mpini wenye kona, rangi iliyobanduka, sanduku lililochanika: vyote ni hoja za kupunguziwa, maana vyote vinarekebishika. Usitumie pesa yote kwenye kisu. Bakiza ya jiwe la kunolea lenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini. Kisu cha wastani chenye jiwe kitakishinda kisu cha ghali kisicho na jiwe kabla mwaka haujaisha.

Kukipa sura nyumbani

Hapa ndipo mwenye pesa kidogo anapomshinda tajiri. Chukua msasa wa wastani, sugua kona zote za mpini wa mbao mpaka kiganja kisihisi ukingo, kisha malizia kwa msasa laini kufuata nyuzi za mbao. Kama kuna rangi nyekundu au kijani ya kiwandani, iondoe yote. Futa vumbi, pasha nta ya nyuki kidogo, ipake, isubiri ikauke, usugue kwa kitambaa. Rudia mara mbili tatu, hasa ndani ya mfuo karibu na kiungo. Nta inazuia maji yasiingie, na mpini hautavimba. Usitumie mawese wala mafuta ya kupikia: hayakauki vizuri, yanavuta vumbi, na baada ya muda yananuka na kunata. Kwenye kiungo weka tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na funga, futa kinachozidi.

Mgongo wa bapa na ncha za springi ambazo zinakwaruza kidole, zipitishe msasa laini pia. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na ndiyo inayotofautisha kisu kilichotupwa sokoni na kisu ambacho mtu atakuuliza ulikipata wapi.

Fundi viatu anaweza kukushonea kifuko cha ngozi, ni kizuri sana kwa kubebea. Lakini kisu cha kaboni kisilale humo usiku: ngozi huvuta unyevu, na asubuhi utakuta madoa ya kutu. Kilaze nje, kikiwa kikavu.

Kunoa bila kuharibu

Pembe inayofaa ni karibu nyuzi 20 kila upande. Ipate hivi: simamisha bapa wima juu ya jiwe, liinamishe nusu, kisha nusu tena. Hapo umekaribia. Lowesha jiwe, sukuma makali mbele kana kwamba unakata ngozi nyembamba ya jiwe, ukifuata mkunjo wa bapa mpaka nchani. Endelea upande mmoja mpaka uhisi, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, uzi mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili. Geuza, fanya vivyo hivyo, kisha punguza nguvu. Malizia kwa kuburuta bapa kinyume juu ya mkanda wa ngozi. Ukiwa safarini bila jiwe, pindua kikombe cha kaure: ile duara ya chini isiyong'aa hunoa vizuri.

Usimpe kisu chako fundi wa gurudumu linalozunguka kwa kasi. Cheche zinapendeza, lakini makali membamba hupata moto upesi. Yakigeuka rangi ya buluu, yamefika nyuzi joto karibu 300, na ugumu ulioulipia umekwenda.

Barabarani, ndegeni, na mbele ya watu

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari hajali kama bapa ni la Savoie au la sokoni, anaona kisu. Kisivaliwe kiunoni wala kisichomoze mfukoni. Kiweke ndani ya mfuko wa safari pamoja na matunda na vyombo vya chakula, na ukiulizwa jibu kwa utulivu, bila kukifungua. Udogo na mpini wa mbao usio na mbwembwe vinakutetea hapo kuliko maneno. Ukisafiri kwa ndege, kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe kisiwe kwenye mfuko wa mkononi. Kikikamatwa kwenye ukaguzi hakirudi.

Unapompa mtu mwingine, kikunje kwanza, ukitoe kwa mkono wa kulia. Mzee akikuomba umenyee tunda, menya mwenyewe, usimwachie bapa wazi. Mtoto asipewe kabla hajajua kukifunga kwa viganja viwili, vidole vikiwa nje ya mfuo. Na kisu chenye ncha si bisibisi: kikitumiwa kufungulia skrubu au kopo la maziwa, ncha inavunjika, na hiyo nayo ni miongoni mwa vitu usivyoweza kurekebisha kwa urahisi.

Kama unataka nikuchagulie, nitasema hivi. Anayefanya kazi ofisini au dukani, inoksi ndogo ya Uswisi, ikiwa ni ya kweli. Anayevuka mto kila siku kwenda Alunguli, au anayevua samaki, Opinel ya inoksi namba 7, mpini ukiwa umepakwa nta. Mwenye mkono wa kufuta na kutunza, Douk-Douk au Opinel ya kaboni. Asiyepata chochote kati ya hivyo, anunue kisu kisicho na jina chenye bapa moja jembamba, kiungo kisichocheza na chuma kinachokubali sumaku, halafu amalizie uzuri mwenyewe. Na asiyepata kinachopita mtihani siku hiyo arudi nyumbani na pesa yake. Kisu cha jikoni kitamenya chungwa kwa wiki nyingine moja, na muuzaji akijua kwamba Kindu kuna wanunuzi wanaofungua, wanaotikisa na wanaotazama dhidi ya mwanga, safari ijayo ataagiza mzigo mwingine.